Kilima Kinaonekana?

Babu yangu mzaa baba hakupanda ndege hata siku moja katika maisha yake, lakini ndiye aliyenifundisha kwanza kwamba ndege hairuki kwa nguvu za injini peke yake. Alikuwa mzaliwa wa pande za Kabambare. Mwaka 1916, akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijaota vizuri, alichukuliwa pamoja na wenzake kubeba mizigo ya vita. Walifuata njia ya zamani ya misafara, ile itokayo Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikateremka hadi Mtoa kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo tangu zamani watu walivukia kwenda Ujiji. Kwa njia hiyo tulipata Kiswahili, na kwa njia hiyo hiyo wengi wa watu wetu walitolewa wakiwa wamefungwa shingoni. Babu alibeba unga. Hakujua unga huo ni wa nani wala vita ni vya nini, ila aliambiwa kwamba ng'ambo ya maji kuna Wajerumani.

Alipofika ufukoni aliona kitu ambacho alikisimulia mpaka kufa kwake: chombo chenye mabawa mawili juu na chini, kilichotengenezwa kwa mbao na kitambaa, kikikaa juu ya maji kama bata. Sisi wajukuu tulipenda aeleze kilivyonguruma na kilivyopaa. Yeye alipenda kueleza jinsi kilivyokaa bila kupaa. Alisema wazungu wale waliamka kabla ya jua, wakasimama mmoja mmoja kwenye mchanga wakitazama maji, kisha mbingu, kisha maji tena, na siku nyingi walirudi kulala. «Mtu mwenye mabawa», babu alisema akicheka, «naye anaomba ruhusa kwa upepo.»

Nilidhani ni hadithi ya mzee. Baadaye, niliposomea ualimu na kupewa somo la jiografia na historia, nikakuta kwamba babu hakuongeza hata chumvi. Wabelgiji waliomba ndege kwa Waingereza, wakapewa nne za majini, za aina ya Short. Zilifungwa katika masanduku, zikavuka bahari hadi Matadi, zikapanda reli hadi Kinshasa, zikapanda mto hadi Kisangani, na kutoka hapo zikasafiri kwa reli na mto kwa zamu. Zilipita hapa kwetu Maniema, maana ni Kindu ndipo reli ya kwenda Kongolo ilipoanzia, na reli hiyo ilikuwa na umri wa miaka michache tu. Kutoka Kabalo zikachukua reli nyingine hadi ziwani. Safari hiyo yote ilikula miezi. Mwezi wa tano 1916 zilikuwa zimefika, na mwezi wa sita rubani Aimé Behaeghe, pamoja na mtazamaji wake Collignon, akavuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao kubwa, Graf von Götzen. Mwezi wa saba Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo kabla ya kukimbia. Iliinuliwa baadaye, na ndiyo Liemba, ambayo watu wa Kalemie na Kigoma wanaijua vizuri.

Lakini narudi kwenye yale maji ambayo wazungu waliyatazama alfajiri, kwa sababu humo mna somo ambalo vitabu vya vita hulipita haraka. Ziwa Tanganyika ni jembamba na refu: urefu wake unakaribia kilomita 670, na upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50, katikati ya kuta za milima pande zote mbili. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusi huingia kwa upande wa kusini na kukuta njia iliyochongwa tayari kama mfereji. Hukimbia humo kilomita mamia bila kizuizi, na mawimbi yanayofika yanafanana na ya bahari. Ndege ya majini hukaa juu ya maboya mawili ya mbao nyembamba. Wimbi moja likiyapiga vibaya, yanapasuka. Kwa hiyo, ingawa waliitwa watu wa Mtoa, ndege zao zilibidi zitafutiwe maji yaliyojificha, na wakayapata katika bwawa la Tongwe, jirani na ziwa kubwa.

Sasa msomaji atasema: basi, walipata maji matulivu, shida imekwisha. Hapana. Maji yakitulia kabisa, yakawa kama kioo, nayo hushika. Maboya hunyonywa na maji, na ndege hukimbia, hukimbia, bila kuachiliwa. Rubani wa ndege ya majini huomba vijiwimbi vidogo vya kumpasulia njia, na upepo kiasi wa kumwinua kwa mbele. Tena wakati wa kushuka, kioo kile humdanganya macho: haoni maji yanaanzia wapi, anadhani yuko juu bado, kumbe amefika. Mawimbi makubwa humvunja, na utulivu mkubwa humnasa. Ongezeni na jambo la hewa yenyewe. Ziwa liko mita zaidi ya 770 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Jua likipanda inakuwa nyepesi zaidi, na injini ya nguvu za farasi 150, iliyobuniwa kwa baridi ya Uingereza, hukosa pumzi kama mzee anayepanda mlima. Ndiyo maana waliamka alfajiri, hewa ikiwa bado nzito. Lakini alfajiri ndiyo saa ya maji kuwa kioo. Nadhani mtaona kwa nini walirudi kulala.

Na zaidi ya hayo, hawakuwa na mtu wa kumwuliza. Kutoka kwao hadi Kigoma ni kama kilomita 100 za maji. Mwezi wa sita na wa saba moshi wa mioto ya pori hujaza bonde lile, hata ng'ambo haionekani. Rubani aliondoka kwenye mwanga asijue upande wa pili kuna nini, na upande wa pili kulikuwa na adui, ambaye hata angeulizwa asingejibu ukweli. Behaeghe hakuuawa na upepo wala na Wajerumani. Alifariki Niemba mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, baada ya kuugua. Alikuwa na miaka 26.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu miaka kama themanini na mitano baada ya babu kusimama kwenye ufuko ule, mimi mjukuu wake niliketi Kasongo mbele ya foni, na rubani aliyekuwa juu ya upande mwingine wa milima akawa na mtu wa kumwuliza. Mtu huyo alikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ile ya mara baada ya vita. Wenye umri wangu mnakumbuka hali ya barabara. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa masika safari hiyo haikuhesabiwa kwa saa. Reli ilikuwa imelala. Ndege ndogo zilizokuwa zikija kutoka Bukavu ndizo zilizoleta dawa, barua na habari, na zilirudi na wagonjwa waliozidiwa. Kiwanja chetu ni cha udongo. Mvua ikinyesha juu yake, hubadilika tabia kama mtu aliyekunywa.

Kijana aliyekuwa akishika foni alikuwa na homa wiki ile, nami niliombwa kumsaidia kwa kuwa nilijua Kifaransa na mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. (Kwetu katekista huitwa mwalimu, na mwalimu huombwa kila kitu: kuandika barua ya posa, kupima shamba, kusoma kipimo cha dawa.) Rubani mmoja, mzee mpole mwenye sauti nzito, alinifundisha kwa siku mbili mambo ya kutazama. Upepo unatoka wapi na unapeperusha nini, majani au matawi. Maji yamesimama kiwanjani au yamekauka. Radi inasikika upande gani. Na la mwisho, alilosema ni kubwa kuliko yote, kile kilima kidogo cha upande wa mashariki. «Usiniambie kama hali ni nzuri au mbaya», alisema. «Hilo nitaamua mimi. Wewe niambie kama kilima kinaonekana.» Maana kilima kile, akikiona mtu wa chini, wingu liko juu ya kiasi ambacho rubani anaweza kupita chini yake na kuona kiwanja. Kisipoonekana, wingu limeshuka.

Nilipenda kazi ile. Nilianza kuelewa anga letu lina ratiba yake. Asubuhi ukungu hulala juu ya Lualaba na mabonde, na hadi saa tatu huwa umeinuka. Kisha huja saa chache safi. Baada ya saa sita mchana joto huinua unyevu wa msitu, mawingu hujengeka kama mnara, na tufani zetu, tofauti na anavyodhani mgeni anayefikiri mvua hutoka baharini magharibi, kwa kawaida hutembea kutoka mashariki kwenda magharibi. Ndiyo kusema hutoka kule kule rubani anakotoka. Aliyeondoka Kavumu, akapita mabega ya Kahuzi ambacho kina mita 3308, akaruka zaidi ya saa moja juu ya msitu usio na mahali pa kutua, tufani humfuata nyuma au humtangulia mbele, na mara nyingine huingia kati yake na kiwanja.

Siku hiyo ilikuwa ya mwezi wa nne. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na tangu usiku alikuwa akitokwa na damu. Daktari hakunificha: hapa damu ya kumwongezea haikuwepo, na akichelewa atatupita mikononi. Ndege ilikuwa imepangwa kuja siku hiyo kwa shughuli nyingine, na rubani alikuwa amekubali kumchukua. Saa tano na nusu foni ikalia. Alikuwa bado hajaondoka. Akauliza upepo, nikajibu. Akauliza kiwanja, nikajibu kwamba kimekauka, na ilikuwa kweli. Akauliza radi, nikasema mbali, na ilikuwa karibu kweli. Akauliza: «Kilima kinaonekana?»

Nilikuwa nimeketi nimekipa kilima mgongo. Niligeuka. Upande wa mashariki palikuwa na ukuta wa rangi ya sufuria kuukuu, na mahali pa kilima palikuwa tupu. Nakumbuka nilitazama kwa muda, kana kwamba kutazama kungekirudisha. Kisha nilishika kipaza sauti nikasema: «Kinaonekana.»

Sikujiona ninasema uongo. Nilijiona ninaomba. Nilijiambia kwamba mpaka afike itakuwa zaidi ya saa moja, na kwa saa moja wingu linaweza kwenda zake. Nilijiambia mengi kwa muda mfupi ule, na yote yalikuwa na sababu nzuri, kwani mtu aliyesomea ualimu hakosi sababu.

Wingu halikwenda zake. Saa saba kasoro tulikuwa kiwanjani, mke wangu kwenye machela, mama yangu akimshikia mwavuli, na mvua ikatufikia kwa mara moja kama mlango uliofunguliwa. Ndipo tukasikia injini. Hatukuona kitu. Sauti ilipita juu yetu kuelekea kusini, ikarudi, ikapita tena chini zaidi, hata watu wakainama. Mara ya tatu ilikuwa upande wa kilima. Mama yangu alisema, «Anatutafuta, maskini.» Mimi nilisimama nimeshika mguu wa machela, nikijua kwamba mahali alipokuwa akishuka anashuka kwa neno langu, na kwamba kilima hicho alichokuwa akikitegemea kimuoneshe njia kilikuwa ndani ya wingu pamoja naye. Sauti ilipanda, ikapungua, ikaisha. Kwa dakika nyingi hatukujua imeisha kwa sababu gani.

Jioni foni ilitwambia kwamba ametua Kindu, na kwamba mafuta yalikuwa yamebaki kidogo. Ndani ya ndege walikuwemo wauguzi wawili na mtoto mdogo aliyekuwa akirudishwa kwao baada ya kupona.

Alikuja kesho yake, mara ukungu ulipoinuka, juu ya kiwanja kilichokuwa bado na maji. Mke wangu alikuwa hai. Mtoto alikuwa amezaliwa usiku, na hakukaa nasi. Rubani aliteremka, akatazama tope kwa mguu, akasaidia kuinua machela. Sikuwa na nguvu ya kumtazama usoni. Kabla ya kufunga mlango aliniita kando, akaniuliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia: «Jana ulikiona?»

Nikasema: «Hapana, Baba. Sikukiona.»

Alinyamaza kidogo. Alisema kwamba yeye pia ana mke. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba: kwamba kama ningesema hakionekani, angengoja Kavumu saa mbili, kisha angeondoka nyuma ya tufani badala ya mbele yake, na pengine angetua Kasongo saa tisa alasiri, siku ile ile. Hakusema hivyo ili kuniumiza. Alikuwa akinieleza kazi. Nilikwenda kuungama, na padri alinipa kitubio ambacho nilikitimiza, lakini hesabu ile ya saa tisa alasiri hakuna aliyeweza kuniondolea.

Nilidhani hataniruhusu tena kushika foni. Badala yake, yule kijana alipopona, rubani aliomba tubaki wawili. Nilinunua daftari la mistari. Tangu wakati ule, kila siku ya ndege na siku nyingine nyingi zisizo za ndege, niliandika saa, upepo, radi, na neno moja kuhusu kilima: ndiyo au hapana. Nina madaftari kumi na moja. Wanafunzi wangu wa darasa la sita nimewafundisha jiografia kwa madaftari hayo, maana vitabu vyetu vina michoro ya majira manne ya Ulaya, na hakuna hata kimoja kinachomweleza mtoto wa Kasongo kwa nini mawingu yake huja kutoka Kabambare. Wao wenyewe waligundua, kwa kuhesabu, kwamba mwezi wa nne kilima hupotea zaidi alasiri kuliko asubuhi, na kwamba mwezi wa saba hupotea bila mvua yoyote, kwa moshi. Mtoto mmoja aliuliza kama moshi nao huandikwa «hapana». Nikamwambia huandikwa. Anayeshuka hajali kilima kimefichwa na nini.

Miaka michache baadaye, tena wakati wa masika, alikuja kiwanjani mtu ninayemjua tangu utoto, jirani wa shamba letu. Mwanawe wa kiume alikuwa amevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka kwenye mchikichi. Walimleta juu ya mlango uliong'olewa nyumbani. Baba yule aliketi chini ukutani, hatua tatu kutoka kwangu, na alikuwa akisikia kila neno la foni. Rubani alikuwa mwingine, kijana, mwenye haraka. Aliuliza upepo. Aliuliza kiwanja. Kisha akauliza kilima.

Safari hii nilikuwa nimeketi nimekielekea. Jirani yangu naye alitazama huko nilikotazama, na akajua swali lilikuwa nini. Akasema kwa sauti ndogo, «Mwalimu, kinaonekana. Kinaonekana kidogo, chini pale.» Na kweli chini pale palikuwa na kivuli ambacho mtu anayetaka kukiita kilima angeweza kukiita.

Nilisema: «Hakionekani.»

Ndege ilikuja saa kumi kasorobo, mvua ilipokwisha kupita, ikamchukua mtoto. Yuko hai, anatembea kwa magongo, na anashona nguo sokoni. Baba yake hakunisalimu kwa muda wa mwaka mzima. Kisha siku moja alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akakubali maji, akazungumza juu ya mahindi yake, akaenda. Hatujataja kilima.